Siri za Kijiji na Damu ya Mama Lea

Severina, ambaye kijijini kwao hakuna aliyemwita kwa jina hilo isipokuwa padri, wengine wote wakimwita Mama Lea, alianza kusahau mambo mwaka ule ule ambao watu walianza kumpenda kupita kiasi. Yeye mwenyewe hakuona uhusiano wowote. Alidhani wanampendea ulanzi wake, ile pombe ya mianzi.

Na kweli ulanzi wake ulikuwa na sifa. Nyuma ya nyumba alikuwa na vichaka vitano vya mianzi, na msimu wa mvua ulipoingia, asubuhi na jioni alizunguka na kisu kikali akizichonga ncha za machipukizi ili maji yake matamu yadondokee ndani ya mbeta, yale makopo ya mianzi yanayofungwa juu kabisa. Wanywaji walikuja kuanzia saa tisa mchana, wakakaa kwenye gogo mbele ya jiko lake.

Kijiji chenyewe kilikuwa cha ujamaa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Nyololo. Watu walikuwa wamesogezwa pale mwaka sabini na nne, nyumba zikapangwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride. Zamani, mtu mwenye neno la kumkereketa moyoni alikwenda kulizungumza na mahindi yake, mbali na masikio ya watu. Sasa ukipiga chafya ndani, majirani watatu wanakwambia afya.

Aliyeigundua dawa ya tatizo hilo alikuwa Evarista, jirani wa nyumba ya tatu. Siku moja, mbeta ya pili ikiwa imeshuka vizuri, alimweleza Mama Lea jinsi anavyouongeza ulanzi wake mwenyewe maji ya mtoni na kuwauzia madereva pale Nyololo akidai umetoka kwa Mama Lea. Alipoamka kesho yake alitamani ajikate ulimi. Akaenda mbio kuomba radhi.

"Radhi ya nini, mwanangu?" Mama Lea aliuliza.

"Ya yale ya jana."

"Jana ulikuja?"

Evarista alirudi kwake akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Na kwa kuwa hakuwa mchoyo wa habari njema, aliwanong'oneza wawili watatu: ukiwa na jambo, mpelekee Mama Lea, ni sawa na kulitupa mtoni.

Basi wakaja. Silvester, mwalimu wa kwaya, mtu wa sauti nene na mwendo wa kiaskofu, alikiri kwamba yule bata wa padri aliyepotea Kwaresima iliyopita hakuliwa na kicheche. Kicheche alikuwa yeye. Tena alimla siku ya Ijumaa. Wengine walileta mambo ya wakwe, ya mipaka, ya nguo za ndani zilizoanikwa pasipofaa. Mkubwa wao wote alikuwa Kalinga, mwenyekiti wa kijiji. Huyu alikuja peke yake mvua ikinyesha, akanywa, halafu akasema kwa haraka kama anayetema mfupa:

"Mama Lea, mimi kusoma sijui."

"Ndivyo dunia ilivyo," Mama Lea alimjibu.

Kalinga akaendelea kumwaga. Cheti chake cha kisomo cha watu wazima alifanyiwa mtihani na binti yake. Barua za wilayani husomewa na binti huyo nyumbani mara tatu, akaziweka kichwani, ndipo akasimama mkutanoni akazisoma kwa sauti huku akiikodolea karatasi macho. Siku binti akiwa hayupo, huzitunga. "Ile barua ya wilaya iliyowaamuru mpande njegere? Haikuwa na njegere hata moja."

Lile "ndivyo dunia ilivyo" lilikuwa jibu la Mama Lea kwa kila kitu siku zile. Watu walilisikia kama busara. Yeye alijua ni nini: lilikuwa kifuniko. Aliwaita wote "mwanangu", mpaka wazee wa rika lake, kwa sababu majina yalikuwa yanamtoroka. Maharage yalimwungulia mara nne kwa mwezi mmoja. Alikwenda mianzini akasimama na kisu mkononi, asijue amekwishachonga vichaka vingapi. Alisikia baridi hata jua la saa saba, na usingizi ulimchukua akiwa amekaa. Hakumwambia mtu. Mama yake mzazi aliishia kuwaita wajukuu kwa majina ya ng'ombe, naye alijua zamu yake imefika, ila hakupenda kuitangaza.

Likizo ya Pasaka ya mwaka sabini na nane, binti yake Lea, mwalimu wa shule ya msingi mjini Mbeya, alikuja kumsalimu. Mama akamlaki, "Kamwene, mwanangu, habari za safari?" Wakaingia ndani. Mama akatoka kuleta kuni, akarudi, akamwona Lea, akafurahi upya kabisa. "Kamwene, mwanangu! Umefika saa ngapi?"

Lea alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. Alimtazama mama yake vizuri: uso umevimba, hasa chini ya macho, sauti imekuwa nzito ya kukwaruza, ngozi kavu kama ganda la muhogo, na amevaa sweta mbili mchana.

"Mama, tunakwenda Mbeya kwa daktari."

"Kuna daktari wa uzee?"

"Akatuambie yeye kwamba ni uzee."

Habari hii ilivuka mistari ya nyumba kabla chai haijapoa. Mama Lea anapelekwa kupimwa usahaulifu! Jioni ile gogo lilijaa kuliko siku zote, na hakuna aliyekunywa kwa raha.

"Kusahau ni baraka," Silvester alisema kwa sauti yake ya misa kuu. "Mungu humpunguzia mzee mzigo."

"Tena damu yenyewe wakiitoa hairudi," Evarista aliongeza, naye alikuwa ameleta kuku. Mama Lea alimpokea yule kuku bila kuelewa ameletewa kwa sherehe gani.

Kalinga alikuwa na njia yake. Siku zile huwezi kufika hospitali kubwa ukatibiwa vizuri bila barua ya utambulisho yenye mhuri wa kijiji, na mhuri ulikuwa mfukoni mwake. Lea alipokwenda kuiomba, mwenyekiti alisema karani amesafiri. Kesho yake alisema wino umekauka. Siku ya tatu Lea alikaa kwenye ngazi ya ofisi na mkoba wake, akaanza kusahihisha madaftari, akasema hana haraka. Watu wakaanza kukusanyika. Binti yake Kalinga alikuwa shamba. Mwenyekiti akaingia ndani, akasikika akipekua majalada kwa muda mrefu, akatoka na karatasi iliyopigwa mhuri, imekunjwa vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mpe daktari mwenyewe mkononi. Usiifungue, ni ya serikali."

Walipanda basi Nyololo, wakapita Makambako, wakateremka mpaka Igawa kwenye joto la Usangu, ambako Mama Lea alivua sweta moja kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Mbeya walifikia nyumbani kwa Lea, mtaa wa Soweto. Asubuhi yake walikuwa hospitalini mbele ya karani wa mapokezi. Karani akaifungua barua, akaisoma, akaisoma tena.

"Mama, hapa si penyewe."

"Kwa nini?"

"Barua inasema mleta barua apewe mifuko minne ya mbolea."

Lea aliduwaa. Mama Lea akaangua kicheko, kicheko cha kukwaruza kilichowageuza watu wote kwenye mabenchi. "Kalinga hajui kusoma!" alisema.

"Nani amekwambia?"

Kicheko kikakatika. Alitafuta kichwani kama mtu anayepapasa rafu gizani; kitu kipo, mkono haukishiki. "Sijui," alisema polepole. "Kuna mtu aliniambia. Ilikuwa mvua."

Karani, naye akicheka, aliwaruhusu waingie.

Daktari Andendekisye alikuwa kijana mwembamba, mwenye subira ya mtu aliyelelewa na bibi. Alimwuliza siku, mwezi, na idadi ya watoto aliowazaa. Akampa maneno matatu ayashike: jembe, kanisa, sukari. Wakazungumza habari za mianzi, kisha akamwuliza yale maneno.

"Jembe," alisema Mama Lea. Akageuka kuutazama mlango. "Na mengine mawili, lakini hayo ni siri."

Daktari alitabasamu akaandika. Akamwuliza Lea kama mama anajipikia, anaoga, anajua njia ya kurudi nyumbani. Yote ndiyo, isipokuwa maharage.

"Basi si wazimu," alisema. "Wala hajafika kule kwa mtu kupotea kabisa. Yuko katikati ya njia. Inawezekana ni umri. Lakini uzee haujitetei, dada yangu, kila kitu tunausingizia. Yako maradhi yanayovaa nguo za uzee, na baadhi yana dawa. Tupime kwanza." Alisimama nyuma ya mama, akamgusa shingo chini ya ile kanga aliyojifunga. "Hili rovu lina muda gani?"

"Hilo? Tangu nimzae huyu. Kwetu kila mama analo. Ni pambo."

Daktari akaandika tena, safari hii kwa haraka.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti na darubini mbili dirishani. Mwenyewe alikuwa Bwana Ndalahwa, Msukuma mrefu ambaye baba yake alishuka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga mpaka Usangu. Mama Lea aliiona sindano, akafunga ngumi.

"Mwanangu, kabla hujanichoma. Hiyo damu inasema nini?"

"Mengi, Bibi. Kama imepungua wekundu, tutaona. Kama ina wadudu wa malaria, tutaona. Sukari ikizidi, figo zikichoka, nazo zitasema. Mambo hayo yote yanaweza kumchafua mtu akili."

"Na maneno ya watu je?"

"Maneno gani?"

Alimvuta karibu. Lilikuwa limemkaa moyoni tangu Nyololo. Hakumbuki ni yapi, lakini alijua ndani yake kuna mambo ya watu, mengi, yamelala kama viazi kwenye shimo. "Watu wameniambia mambo yao. Yasije yakatoka kwenye karatasi yenu."

Ndalahwa hakucheka, na kwa hilo Mama Lea alimpenda. "Damu haitaji majina, Bibi," alisema. "Nakuapia kwa ng'ombe wa baba yangu."

Akanyoosha mkono. Ndalahwa alijaza vichupa vitatu, akasoma fomu. "Na hiki ni cha kaswende."

"Cha nini?"

"Kaswende. Ikikaa mwilini miaka mingi inapanda kichwani. Tunampima kila mtu."

Mama Lea aliinuka na pamba mkononi. Alimweleza Ndalahwa, na Lea, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri mlangoni, kwamba amefunga ndoa kanisani na mwanamume mmoja tu, marehemu, aliyekuwa akiogopa hata kuku jike. Iliwachukua robo saa kumkalisha.

Majibu ya siku ile yalitoka alasiri. Damu ilikuwa imepungua kidogo. Malaria hakuna. Sukari hakuna. Kaswende hakuna. Alipoelezwa hili la mwisho, alitoka uani, akasimama mbele ya mabenchi yote mawili, wanaume upande huu na wanawake upande ule, akatangaza: "Sina kaswende!" Mzee mmoja akapiga makofi. Lea alijifunika uso kwa mkoba.

Kichupa cha tatu hakikupimika Mbeya. Hicho kilikuwa cha tezi, ile iliyo ndani ya rovu, na ilibidi kipelekwe Dar es Salaam. Wakasubiri wiki tano. Katika wiki hizo Mama Lea alilala sana, akapotea mara moja kati ya bomba la maji na nyumba, akarudishwa na wauza mkaa. Jioni ile alimwambia Lea maneno ambayo hajawahi kumwambia mtu.

"Nikianza kuwaita watoto wako majina ya ng'ombe, nirudishe kijijini. Usikae na mimi uniangalie."

Lea alisema hatamrudisha popote. Halafu alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Karatasi ilipofika, Daktari Andendekisye aliisoma akiwa amesimama. "Tezi yake imelala, Mama Lea. Inatakiwa itoe kitu cha kuuchangamsha mwili, nayo imegoma. Ndiyo maana ya baridi, uvimbe, sauti, usingizi. Na kusahau, nadhani sehemu kubwa ni huko huko. Nitakupa vidonge vya kufanya kazi yake. Tutaanza na kidogo, kwa ajili ya moyo. Usitegemee miujiza wiki hii."

Muujiza haukuja wiki ile, wala iliyofuata. Mwezi wa pili wa vidonge uvimbe wa macho ulitoweka na sweta ikabaki kwenye msumari. Mwezi wa tatu, akipembua mchele uani Soweto, Mama Lea alisimamisha mikono ghafla akasema, "Evarista anatia maji ya mtoni!"

"Nani?" Lea aliuliza.

Mama akarudi kwenye mchele wake. Kumbukumbu zilikuwa zinarudi kama mbuzi jioni, mmoja mmoja, kila mmoja na kengele yake. Siku ya pili alirudi bata. Siku ya tano, akiwa anafua, alirudi Kalinga mzima mzima na mvua yake na njegere zake. Mama Lea alikaa juu ya ndoo akacheka mpaka povu likakauka mikononi.

Alirudi kijijini mwezi wa nane, uso umekaza, mwendo wa haraka. Pale njiani aliwasalimu watu kumi na wanne, kila mmoja kwa jina lake. Hakuna lililowatisha zaidi ya hilo.

Silvester hakungoja. Jioni ile ile alikimbilia kwa padri, akaungama bata, mbawa na paja. Padri alimpa malipizi ya kufuga bata sita kwa ajili ya misheni, na mpaka leo wanasema yule bwana hawezi kuimba "Gloria" bila bata kuitikia. Evarista alileta kuku wa pili. Mama Lea akampokea, akamshika mkono, akamwambia kwa upole, "Maji ya mtoni, mwanangu, angalau uyachemshe."

Gogo lilibaki tupu. Siku tatu, siku nne, hakuja mtu. Hapo furaha ya Mama Lea ikapungua. Alikuwa amezoea kuketi na watu, hata kama hakujua wanasema nini. Aligundua kwamba wengi hawakuja kwa ajili ya ulanzi, na ugunduzi huo ulimwuma kuliko sindano ya Ndalahwa.

Siku ya tano alikuja Kalinga. Alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Mama Lea, unakumbuka nini?"

"Kuhusu nini, Mwenyekiti?"

"Kuhusu... jambo lolote."

"Nakumbuka mbolea. Mifuko minne. Bado hatujapewa."

Kalinga alikaa chini kama gunia lililokatwa kamba. "Utasema mkutanoni?"

Mama Lea alimwangalia. Alikuwa na maneno mengi ya kuchekesha tayari, ameyapanga tangu Soweto. Lakini jinsi yule mtu mzima alivyokuwa akiizungusha kofia vidoleni, aliutambua ule mkao. Ulikuwa wake mwenyewe, mwaka mzima: kuwaita wote mwanangu, kuficha shimo kwa tabasamu, kuogopa kila mlango unaobishwa.

"Sisemi," alisema. "Ila mimi nimepewa kalenda na daktari, niweke alama kila ninapomeza kidonge, na siwezi kuisoma. Jumatatu naanza darasa la kisomo. Nasikia haya kwenda peke yangu."

"Mimi nina cheti, Mama Lea! Watasemaje?"

"Watasema mwenyekiti anakwenda kuwatia moyo wazee. Utakaa nami benchi moja. Nikikosa, unanisahihisha."

"Nitakusahihishaje na mimi sijui?"

"Ndiyo itabidi ujue."

Wakaenda. Wiki tatu za kwanza Kalinga alikaa kifua mbele kama mkaguzi. Wiki ya nne alisahau kujifanya, akang'ang'ana na neno "mwanzi" mpaka jasho likamtoka, na alipolipata alilisoma kwa sauti kubwa mara nne, na darasa zima likamtazama. Mama Lea akainuka akapiga makofi. "Mwenyekiti anatufundisha kutamka," aliwaambia. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyebisha. Mvua zilipoanza, mmoja baada ya mwingine, wakarudi kwenye gogo. Sasa walizungumza mambo ya mahindi na bei ya sabuni, kwa tahadhari kidogo.

Mwezi Januari Mama Lea alirudi Mbeya kupimwa tena. Ndalahwa alichukua kichupa kimoja, daktari akaongeza kidonge kwa nusu. Alipewa maneno matatu akayarudisha yote, akamwongezea daktari na la nne.

"Utameza maisha yote," daktari alimwambia.

"Yamebaki mangapi?"

"Hilo hatuna kipimo chake."

Walipotoka, Lea alimnunulia ndizi za kuchoma nje ya geti, wakakaa ukutani juani. Lea akasema kitu kuhusu ubatizo wa mwanawe wa mwisho, jinsi padri alivyoteleza. Akamwona mama yake ameacha kutafuna.

"Nilikuwepo?" Mama aliuliza.

"Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyemshika mtoto."

Mama Lea alitafuta. Alitafuta kwa bidii, amekunja paji la uso. Daktari alikuwa amemwambia kwamba baadhi ya mambo hayatarudi, kwa sababu hayakuwahi kuingia. Alimega ndizi, akampa Lea nusu.

"Haya," alisema. "Nieleze yote. Anza na nguo nilizovaa."

Lea akaanza na nguo.